Kabla ya kuing'oa Zenith

Land Rover ya petroli ikianza kutoa moshi mweusi, ikala mafuta kuliko ilivyozoeleka na kuzimika kila inaposimama kwenye taa za barabarani, hukumu hutoka kabla boneti haijapoa: kabureta imekwisha. Dawa yake siku hizi inauzwa ikiwa tayari ndani ya boksi. Ni kabureta mpya ya Weber, aina ya 34 ICH, pamoja na bamba la kuiunganishia, gasketi na nati zake. Fundi mwenye spana za kawaida anaifunga kwa saa chache, injini inawaka kwa pigo la kwanza, sailensa, yaani mzunguko wa injini gari likiwa limesimama, inatulia, mwenye gari anatabasamu, na ile kabureta ya Zenith iliyozaliwa na gari inatupwa chini ya benchi pamoja na vyuma chakavu. Ninachodai hapa ni kwamba mara nyingi hukumu hiyo hutolewa bila kesi kusikilizwa. Kabureta ya asili inastahili kufunguliwa na kutengenezwa kwanza, na sababu si mapenzi ya vitu vya kale. Sababu imo ndani ya injini yenyewe, na inapimika.

Tulifahamu kwanza gari tunalolizungumzia. Land Rover ilionyeshwa kwa umma mara ya kwanza jijini Amsterdam mwaka 1948. Injini inayotuhusu ni ile ya petroli ya lita 2.25, kwa hesabu kamili cc 2,286, iliyoingia mwaka 1958 pamoja na Series II, ikaendelea kwenye Series IIA kuanzia 1961 na Series III kuanzia 1971 hadi 1985. Hiyo ndiyo iliyosukuma Land Rover fupi za 88 na ndefu za 109 za polisi, za misheni, za idara za misitu na za hifadhi za wanyama katika sehemu kubwa ya Afrika Mashariki. Nchini Kenya magari hayo yalifikia kuunganishwa Thika, kwenye kiwanda cha Leyland. Aliyeona misururu ya magari kwenye tamasha la Land Rover jijini Arusha mnamo Oktoba 2024 anajua kwamba hatuzungumzii vitu vya makumbusho. Injini yenyewe haina makuu: nguvu farasi 77 hivi, na mgandamizo mdogo unaoiwezesha kuunguza hata petroli duni bila kugonga. Kabureta zake za mwanzo zilikuwa Solex, na katika nusu ya pili ya miaka ya 1960 kampuni ya Rover ikahamia Zenith 36 IV. Namba 36 ni kipenyo cha koo, kwa milimita, pale kilipo kile kibamba cha duara kinachofunguka dereva anapokanyaga mafuta. Nitakiita kipepeo, kama wanavyokiita mafundi wengi.

Ndani ya kabureta hakuna maajabu. Hewa inayovutwa na pistoni inapita kwenye koo lililobanwa katikati. Ikifika pale penye wembamba inaongeza kasi, shinikizo lake linashuka, na petroli inanyonywa kutoka kwenye bakuli kupitia tundu dogo liitwalo jeti. Boya na sindano vinalinda kina cha petroli ndani ya bakuli. Uwiano unaotafutwa ni takribani gramu 14.7 za hewa kwa kila gramu ya petroli, ukipanda au kushuka kidogo kulingana na kazi ambayo injini inafanya. Sasa hesabu vitu vinavyocheza humo ndani: boya, sindano yake, pampu ndogo inayorusha mafuta ukikanyaga ghafla, utando wa mpira wa kubana matumizi, choki, na kipepeo na mhimili wake. Vilivyobaki vyote ni mashimo kwenye chuma, na shimo halichakai kirahisi kwa kupitiwa na petroli. Kwa hiyo anayesema kabureta imechakaa ana wajibu wa kuonyesha imechakaa wapi, na orodha ya majibu yanayowezekana ni fupi. Karibu kila jibu katika orodha hiyo linapatikana kama spea ndogo: sindano, gasketi, utando, oringi.

Zenith 36 IV ina ugonjwa wake wa kuzaliwa nao, na hapa panafaa kutulia kidogo kwa sababu ndipo lawama nyingi zinapoanzia. Jeti zake zimekusanywa kwenye kipande kimoja kilichofungwa chini ya mfuniko wa juu, na petroli iliyokwisha kupimwa hupanda kutoka kwenye kipande hicho, ikapita kwenye mfuniko na kuingia kooni. Kinachoziba njia hiyo ni oringi ndogo tu pamoja na unyoofu wa nyuso mbili za chuma laini. Kila fundi aliyewahi kuifungua kabureta hiyo aliirudisha kwa kukaza skrubu za pembeni kwa nguvu zaidi ya aliyemtangulia, akidhani anazuia kuvuja. Aloi hiyo haistahimili ubabe. Baada ya miaka mfuniko unajikunja, katikati panabaki mwanya, oringi inakauka, na petroli inapata njia ya mkato kuelekea kooni bila kupimwa na jeti yoyote. Matokeo ni yale yale yaliyotajwa mwanzoni: moshi mweusi, plagi zenye masizi, sailensa inayopanda na kushuka, injini inayozimika ikipata moto. Skrubu ya kurekebishia mchanganyiko haiwezi kusaidia kwa sababu mafuta yanayoharibu kazi hayapiti kwenye njia inayotawaliwa na skrubu hiyo.

Matibabu ya ugonjwa huo hayahitaji kiwanda. Kinatakiwa kipande cha kioo kinene kilicho bapa, msasa laini, mafuta ya taa kidogo na subira. Mfuniko unasuguliwa juu ya msasa uliolazwa kwenye kioo, kwa mwendo wa namba nane, mpaka alama za kusuguliwa zienee uso mzima. Kisha uso wa chini nao hupewa haki yake. Vinawekwa oringi mpya, gasketi mpya na utando mpya wa kubana matumizi, kwa sababu ukitoboka nao humwaga mafuta ya ziada muda wote. Halafu skrubu zinakazwa kwa zamu, kidogo kidogo, kwa mkono usio na hasira. Gharama kubwa hapa ni muda wa fundi, na pengine hii ndiyo sababu kazi yenyewe haipendwi: mteja hulipa kwa urahisi kitu kinachong'aa ndani ya boksi, lakini huona anaibiwa akitozwa fedha za saa tatu za kusugua.

Kuna dhambi nyingine inayofanywa kwa nia njema. Jeti ikiziba, mkono wa kwanza huchukua uzi wa waya, pengine uliochomolewa kwenye kebo ya klachi, na kuupitisha kwenye tundu mpaka uchafu utoke. Uchafu unatoka, na shaba nyeupe kidogo ya ukingo wa tundu inatoka nao. Mafuta yanayopita yanategemea eneo la tundu, na eneo hukua kwa mraba wa kipenyo: jeti iliyopanuka kwa asilimia 10 tu inapitisha karibu asilimia 21 zaidi. Injini ya lita 2.25 ambayo ikiwa nzima hutembea kilomita kama 5 hadi 7 kwa lita haina akiba ya kuvumilia ongezeko hilo. Ndiyo maana kabureta iliyopitia mikono mingi ikifunguliwa, jeti zake zibadilishwe hata kama kwa macho zinaonekana safi. Namba iliyogongwa kwenye jeti ni ushahidi wa ilivyotoka kiwandani tu. Yaliyoipata baadaye haiyasemi.

Lakini hata kabla ya kuifungua, inabidi kuuliza kama kosa ni la kabureta. Kabureta ndiyo inayoonekana, iko juu, ina harufu ya petroli, na ndiyo yenye skrubu zinazomwita kila mpita njia ajaribu bahati yake. Washukiwa wengine wamejificha. Injini hii inatumia distributa ya Lucas yenye pointi, na nafasi ya pointi zake ni milimita 0.35 hadi 0.40. Fiba ya pointi ikilika, nafasi hufunga, muda wa cheche unachelewa, na dereva anahisi gari zito lenye kula mafuta, hali ile ile anayoilaumu kabureta. Nafasi ya valvu ni milimita 0.25, nayo husahaulika kwa miaka. Pampu ya mafuta yenye utando uliochoka hunyima bakuli petroli wakati wa kupanda mlima. Manifoldi ya kuingizia hewa imefungwa pamoja na ya moshi, hupata moto na kupoa maelfu ya mara, na gasketi yake ikiachia huingiza hewa isiyopimwa ambayo hakuna kabureta duniani inayoweza kuisahihisha. Mwenye kununua Weber kabla ya kuangalia haya manne amenunua bahati nasibu. Gari likipona, huenda limepona kwa sababu fundi, akiwa anafunga kabureta mpya, alibadilisha pia gasketi ya manifoldi na kusafisha pointi. Sifa zote zitakwenda kwa boksi.

Hapa ndipo ilipo hitilafu kubwa ya ushahidi unaotolewa kuitetea Weber. Watu wanasema, na wanasema kweli, kwamba baada ya kuifunga gari lilitulia na matumizi yakashuka. Wanachosahau ni kwamba wamelinganisha kabureta mpya na kabureta mbovu. Mlinganisho wa haki ni kati ya Weber mpya na Zenith iliyonyooshwa, yenye jeti mpya na mhimili usiolegea, na huo haufanyiki mara nyingi kwa sababu aliyeitengeneza Zenith hana tena sababu ya kununua Weber. Tukienda kwa mantiki ya umbo lake, 34 ICH ina koo dogo kuliko 36 IV. Koo dogo huipa hewa kasi zaidi injini inapozunguka taratibu, petroli inasagika vizuri, na gari linaitikia kwa ulaini mjini. Faida hiyo ni ya kweli. Bei yake hulipwa juu: injini ikitakiwa kutoa nguvu zake zote, kwa mfano 109 iliyosheheni ikipanda mlima mrefu, koo hilo hilo linaibana. Sehemu ya mafuta yanayookolewa ni ya kazi ambayo injini haikuruhusiwa kuifanya. Asiyebeba mzigo na asiyepanda milima hatalalamika, na hana kosa. Ila asituambie kwamba amepata kitu cha bure.

Kuna jambo jingine ambalo kwetu lina uzito kuliko Ulaya, nalo ni mwinuko. Arusha iko mita 1,400 hivi juu ya usawa wa bahari, Nairobi karibu 1,800. Katika hali ya kawaida, hewa ya Arusha ina uzito wa takribani asilimia 87 ya ile ya pwani, na ya Nairobi asilimia 84. Kabureta za aina hizi hupima ujazo wa hewa, hazijui uzito wake, na petroli inayonyonywa hupungua kwa kipeuo cha pili tu cha upungufu wa hewa. Ukifanya hesabu, gari lililorekebishwa vizuri Dar es Salaam linafika Arusha likiwa na mafuta yaliyozidi kwa asilimia 7 hivi, na Nairobi kwa asilimia 9. Hiyo inatosha kuzipaka plagi masizi na kumfanya dereva aamini kwamba kabureta imeharibika, wakati imefanya vile vile ilivyoumbwa kufanya. Weber inayokuja kwenye boksi nayo haijui Arusha. Ikifungwa na jeti zilizochaguliwa kwa ajili ya nchi tambarare za Ulaya, italeta ziada ile ile. Wanaoishi nyanda za juu wanahitaji jeti kuu ndogo zaidi, iwe kabureta ni ya zamani au mpya. Nikiri kwamba jeti za Weber ni rahisi zaidi kupata kwa namba unayoitaka, na hilo ni jambo zito upande wake. Lakini kazi ya kupima na kuchagua haikwepeki, na madai kwamba boksi linamaliza kila kitu yanaangukia hapo.

Kisha kuna yale yanayong'olewa pamoja na kabureta. Land Rover hizi zilitoka na chujio la hewa la oili, lile kopo kubwa ambalo vumbi hunaswa kwenye oili chini yake na ambalo mwenye gari hulisafisha njiani bila kununua kitu. Ni kifaa kilichoeleweka vizuri kwa barabara za vumbi. Ubadilishaji ukifanywa kwa uangalifu linabaki. Ukifanywa kwa haraka, bomba lake halikai sawasawa kwenye mdomo mpya, linawekwa pembeni, na juu ya kabureta panakaa kichujio kidogo cha sponji kinachopendeza kwa macho. Injini iliyoanza kuvuta vumbi jembamba la Dodoma kupitia sponji hiyo haitapata nafasi ya kufaidi mafuta yaliyookolewa. Ringi zitaisha kwanza. Tundu la mvuto linaloongoza distributa nalo lazima liunganishwe mahali pake, na fito za kukanyagia mafuta zifungue kipepeo mpaka mwisho. Kipepeo kinachofunguka robo tatu hubana mafuta sana, na mwenye gari atakisifu.

Atatokea wa kusema kwamba haya ni maneno ya watu wa maonyesho, wale wa Concours d'Elegance jijini Nairobi ambako mwamuzi huinama chini ya boneti kukagua kama kila kitu ni cha asili. Hapana. Kabureta iliyong'arishwa kwa ajili ya mwamuzi na isiyopimwa jeti zake hainivutii hata kidogo. Pingamizi zito zaidi linatoka upande wa pili: kwamba Land Rover katika nchi zetu haijawahi kuwa kitu cha asili. Imeishi kwa springi za lori, radieta ya gari jingine, hata injini ya dizeli ya Kijapani, na huo ndio utamaduni wake hapa. Kudai Zenith ibaki ni kuleta uungwana wa Solihull, kiwandani kwake Uingereza, mahali usipohitajika. Nakubaliana na nusu ya kwanza. Mafundi waliozifikisha gari hizi kwenye miaka 50 walifanya hivyo kwa kuokoa kilichopo kabla ya kutafuta kingine, kwa sababu kingine hakikuwepo au fedha hazikutosha. Kusugua mfuniko juu ya kioo ni mwendelezo wa ustadi huo huo. Kuagiza boksi kutoka ng'ambo ndilo jambo geni.

Linabaki swali la spea na la mafundi, na ndilo linalowatisha wengi. Kuhusu spea, hofu imepitwa na wakati: kampuni ya Burlen ya Salisbury, Uingereza, inatengeneza leo kabureta na vifaa vya majina ya zamani, SU na Zenith zikiwemo, na seti ya gasketi na sindano ni mzigo mdogo unaoingia kwenye bahasha. La kuogopa ni seti za kuiga zisizo na jina, zenye utando mgumu na jeti ambazo namba zake hazina uhusiano na matundu yake. Kuhusu mafundi, inasemwa kwamba kizazi cha kompyuta hakijui kabureta. Wanaosema hivyo wanatazama gereji za magari peke yake. Nenda kwenye kijiwe cha bodaboda katika mji wowote: pikipiki nyingi za abiria bado zinanyonya kwa kabureta, na kijana wa pale anafungua bakuli, anapima boya, anabadilisha sindano na kupuliza jeti kwa kompresa mara kadhaa kwa wiki. Umbo la Zenith litamchukua muda kulizoea, lakini kanuni anazo mikononi. Anachohitaji ni kitabu cha vipimo, na mteja asiyemharakisha.

Kubadilisha kuna nafasi yake, na ni vyema mipaka yake isemwe wazi. Mwili wa kabureta ukipasuka, au ukiliwa na kutu nyeupe ya maji yaliyokaa bakulini kwa misimu mingi gari likiwa limeegeshwa, hakuna cha kuokoa. Matundu ya mhimili wa kipepeo yakilegea, mtu wa mashine ya kukereza anaweza kuyatia bushi za shaba. Ila zikipinda kwa nywele kipepeo kitakwama, kwa hiyo mahali asipopatikana mkerezaji wa kuaminika, kabureta mpya ni uamuzi wa busara. Gari la kazi linalolisha familia na lisiloweza kulala gereji wiki mbili nalo lina haki ya kufungwa Weber leo hii. Wenye magari hayo wafanye mambo mawili. Waulize jeti za mwinuko wa mahali wanapoishi kabla ya kulipa, na waichukue ile Zenith pamoja na kiwiko cha bomba lake la hewa, fito na springi zake zote, waioshe, waipake oili na kuifunga kwenye mfuko. Siku mnunuzi wa Land Rover hiyo atakapokuja, vipande hivyo vidogo, hasa fito na kiwiko, ndivyo atakavyovitafuta bila kuvipata dukani.